Kuchonga, kufinyanga, kusubu

Mwaka jana nilitembelea nyumba ya Ossip Zadkine, mtaa wa Assas, Paris. Aliishi humo tangu 1928 hadi alipofariki 1967. Mjane wake, mchoraji Valentine Prax, aliirithisha Jiji la Paris, ikawa makumbusho mwaka 1982.

Daftarini niliandika «mchonga sanamu». Ndani, mbele ya miti na mawe, neno lilitosha: kuchonga ni kupunguza. Bustanini nilikuta sanamu za bronzi. Hizo kwa kawaida hufinyangwa kwanza, yaani kuongeza udongo, kisha husubiwa: madini yaliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu. Kifaransa kina neno pana, «sculpter». Nami nilitafsiri neno, nikasahau kazi.

Tangu hapo, kabla ya kutafsiri kitenzi, nauliza: mikono ilifanya nini?