Wari wa Bonde la Ufa ni wa aina mbili, si moja

WATALII wanaofika ufuoni mwa Ziwa Nakuru huja kuwatazama flamingo, na yule ndege mkubwa mwenye mdomo mrefu anayeelea kando yao mara nyingi hupita bila kuulizwa jina. Huyo ni mwari, jina ambalo Waswahili humpa pia msichana aliyewekwa ndani ili afundwe. Hata miongoni mwa wanaomfahamu, wengi hudhani kwamba yupo wa aina moja tu.

Duniani kuna spishi nane za wari, na zote zimo katika jenasi moja iitwayo Pelecanus. Kenya ina spishi mbili: mwari mweupe na mwari mgongo-waridi.

Kwa mbali wote wawili huonekana weupe. Akikaribia, mtazamaji hung'amua kuwa mwari mweupe ni jitu. Dume lake laweza kufikia uzani wa kilo 15, na mabawa yake yakitandazwa hukaribia upana wa mita tatu. Mfuko wa ngozi ulio chini ya mdomo wake ni wa manjano. Anaporuka ndipo humtambulisha hata asiye mtaalamu, kwani manyoya ya nyuma ya bawa ni meusi ti, ilhali ya mbele ni meupe. Mwenzake ni mdogo, wa kilo nne hadi saba hivi, na weupe wake umeingia kijivu. Ule wekundu hafifu uliompatia jina hufichika mgongoni hadi anapoinua mabawa. Msimu wa kuzaa humwongezea kishungi kisogoni.

Tabia zao hutofautiana zaidi ya rangi. Wari weupe huvua kwa ushirika: hujipanga nusu duara, wakawasukuma samaki hadi kwenye maji ya kina kifupi, kisha wakatumbukiza midomo kwa pamoja. Mgongo-waridi aghalabu huvua peke yake. Huyu hujenga kiota mtini, naye mweupe hutaga chini, na visiwa vya miamba vya Ziwa Elmenteita ni makao yake makuu ya kuzalia nchini. Hata makinda hayafanani: ya mgongo-waridi huota malaika meupe, ya mwari mweupe huota yaliyo karibu na weusi.

Kinyume na inavyodhaniwa, mfuko ule si ghala la chakula. Ni wavu. Mwari huchota maji pamoja na samaki, huinamisha mdomo maji yachuruzike, kisha humeza.

Kwa miaka mingi wataalamu waliwaainisha wari kwa rangi na mahali pa kutagia: weupe wanaotaga chini upande mmoja, wa kijivu na kahawia wanaopenda miti upande wa pili. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka wa 2013 ulivuruga mpango huo. Ilibainika kwamba mwari mweupe wa Marekani ni ndugu wa karibu wa mwari kahawia na mwari wa Peru, wala si wa weupe wenzake wa Afrika na Ulaya. Ukoo ulikuwa umefuata mabara, sio rangi.

Hata jamaa zao wa nje wamebadilishwa. Zamani waliwekwa pamoja na mnandi kwa kuwa vidole vyote vinne vya mguu vimeunganishwa kwa utando. Leo jamaa zao wa karibu zaidi wanajulikana kuwa fundichuma, yule mjenzi wa viota vikubwa ajabu, na yule ndege wa kijivu wa vinamasi vya Uganda ambaye mdomo wake ni kama kiatu cha mbao.

Tofauti hizi zina uzito wake katika uhifadhi. Mti ukikatwa, anayeathirika ni mgongo-waridi. Maji yakipanda, kama yalivyopanda katika maziwa ya Bonde la Ufa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, anayetishiwa kukosa mahali pa kutagia ni mweupe. Tena, kuzaa kwa makundi makubwa kuna hatari yake. Mwaka wa 2021, homa ya ndege iliua wari weupe wapatao 750 katika hifadhi ya Djoudj nchini Senegal. Mwaka uliofuata iliangamiza zaidi ya 1,700 wa spishi ya Dalmatia katika Ziwa Prespa, Ugiriki.

Elmenteita kwenyewe hakuna samaki wa kuwatosha. Mzazi hulazimika kuruka hadi Nakuru, ambako tilapia wadogo wa Magadi walipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, au hadi Naivasha. Akirejea kisiwani, kinda hutumbukiza kichwa chote ndani ya mfuko wake na kujilia.