Paka Mwenda Chopi Apate Nyumba

Katika soko la samaki la Mji wa Kale, Mombasa, paka hana mwenyewe na wala hakosi mwenyewe. Asubuhi, samaki wanapoanza kupasuliwa, wapasuaji humtupia matumbo. Mwenye kibanda cha chai humwekea makombo. Na mtoto aendaye chuoni humpapasa kichwa akipita. Kila mmoja humwita "paka wetu". Utaratibu huo ni wa zamani na una wema wake, wala hatukushika kalamu leo ili kuulaumu. Lakini tumeuona ukishindwa, na paka aliyetuonyesha kushindwa kwake angali hai. Amelala katika tundu la kituo kimoja cha kuwahifadhi wanyama, akingojea mtu wa kumchukua.

Ni dume, paka shume kama wasemavyo wakubwa wetu, wa rangi ya majivu na kifua cheupe. Aligongwa na pikipiki katika kichochoro kisichozidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na aliyemgonga hakusimama. Watu walikusanyika, wakasikitika, kisha wakatazamana. Paka huyu ni wa nani? Swali hilo, ambalo kwa miaka halikuwa na maana yoyote, mara moja likawa na uzito. Ni nani angefunga biashara yake ampeleke kwa daktari, na ni nani angetia mkono mfukoni? Wenyewe waliokuwa wengi wakati wa shibe hawakuonekana. Kwa siku mbili akalala chini ya meza ya kupasulia samaki, na kwa kuwa hakulia, wakasema amepata nafuu. Hilo ni kosa la kawaida. Paka mwenye maumivu makali aghalabu hujificha na kunyamaza.

Nusura auawe na huruma. Mchuuzi mmoja, mtu mwema kabisa, alikwisha kuponda kidonge cha paracetamol ili amtilie katika maziwa, akazuiwa na kijana aliyewahi kumfanyia kazi daktari wa mifugo. Tunaieleza habari hii kwa makusudi, kwa kuwa tunaamini si wengi wanaojua kwamba dawa hiyo, tunayoimeza sisi kwa maumivu ya kichwa, ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunjavunja kama letu. Damu hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi, na kidonge kimoja tu chaweza kumwua. Kijana huyo ndiye aliyemfunika mgonjwa kwa gunia, maana paka aliyeumia humng'ata hata amwokoaye, akamtia kapuni na kumfikisha kituoni.

Mguu wa nyuma wa kulia haukuweza kuunganishwa. Mfupa ulikuwa umetoka nje na nyama imekwisha kuoza, hivyo daktari akaukata, akamhasi papo hapo, na baadaye akampa chanjo ya kichaa cha mbwa. Sisi tulipokwenda kumtazama tulitarajia kumkuta kiumbe wa kusikitikiwa. Tukamkuta anaruka juu ya sanduku. Daktari akatueleza kwamba paka hubeba sehemu kubwa ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na ndiyo sababu akipoteza mmoja wa nyuma huzoea katika majuma machache. Huenda chopi, ndiyo, lakini huenda.

Basi kwa nini hachukuliwi? Wageni wa kituo hawapungui. Huingia, hupita tundu lake, husema "maskini", kisha huchagua mtoto wa paka mwenye miguu minne na macho ya kuchekesha. Bwana mmoja aliuliza mbele yetu kama huyu atakamata panya. Swali lake lilikuwa la haki, nasi hatutaki kumpamba mnyama kwa sifa asizo nazo. Harufu ya paka humtia panya hofu, lakini mwenye ghala la nafaka na atafute mwingine. Wapo pia waliomwona ni mkosi, jini lililojeruhiwa katika umbo la paka. Kwa hao hatuna la kuwaambia ambalo wazee wao hawakuwaambia. Masahaba wa Mtume walikuwa na mmoja aliyejulikana kwa jina la Abu Huraira, yaani baba wa kipaka, na hakuna mwanachuoni anayemwonea haya kwa jina hilo.

Ukweli ni kwamba alikwisha kuchukuliwa mara moja. Jamaa mmoja walimchukua kwa machozi, na jambo hilo likatufurahisha sote. Siku ya pili wakamfungulia mlango wa nje ili, kama walivyosema, asijione mfungwa. Akarudi sokoni. Alipatikana chini ya meza ile ile, kidonda kimefunguka na kimejaa mchanga, na matibabu yakaanza upya. Watu hao hawakuwa wakatili, ila hawakuambiwa, na pengine hawakuuliza. Tangu hapo tumekuwa na shaka na machozi yanayomwagwa mbele ya tundu.

Paka huyu anahitaji nyumba ya namna fulani, na tunayo sababu ya kuitaja waziwazi kuliko kuomba huruma za jumla. Iwe ya chini, au ya orofa yenye madirisha ya wavu, kwa maana akiruka kuelekea ukingo mwembamba hukosea kipimo. Ua wa ndani uliozungukwa na kuta, kama ule wa nyumba nyingi za Mji wa Kale, ungemfaa mno. Pasiwe na mbwa, wala watoto wadogo wa kumvuta mkia. Majuma matatu au manne ya kwanza akae ndani ya chumba kimoja, awe na beseni la mchanga, chakula na mahali pa kujificha, ili moyo wake ujifunze kwamba kwao ni hapo na si sokoni. Kila mwaka apelekwe kuchanjwa. Paka aliyetunzwa ndani ya nyumba huweza kuishi miaka 12 hata 15, na huyu kwa meno yake anakisiwa kuwa na miaka minne. Atakayemchukua ajihesabie mwenyewe anaahidi nini.

Tukiyatazama masharti hayo twaona kwamba nyumba hiyo si ya tajiri. Ni ya bibi aliyebaki peke yake baada ya wajukuu kuhamia Nairobi au Ghuba. Ni ya fundi cherehani ashindaye barazani, au mwalimu aliyestaafu. Nyumba kama hizo zimejaa Kibokoni na Ndia Kuu, wala wenyewe hawafiki kituoni, kwa sababu hudhani paka aliyevunjika ni shughuli ya watu wenye magari. Kwao mtoto wa paka, apandaye mapazia usiku kucha, ni adhabu. Mtu mzima mtulivu wa miguu mitatu ndiye awafaaye.

Wako watakaosema sheria ishughulike. Kenya inayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na yampasa kila mtu kuiheshimu. Lakini sheria yaweza kumwadhibu mtesaji. Haiwezi kumlazimisha mtu yeyote kumfungulia mnyama mlango wake. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi. Huyu hajawahi kuwa wa nyumba, na kwa hiyo kila mtu amekuwa huru kumwinga.

Kituo kina matundu machache, na kila juma huletwa majeruhi wengine. Wahudumu hawajatuambia ni siku ngapi wataweza kumweka, nasi hatukuthubutu kuwauliza. Tuliloliuliza ni kama apendwa na watu. Mhudumu akafungua tundu bila kujibu, na yule shume akatoka, akajikongoja hadi miguuni pa mpiga picha wetu, akakaa juu ya kiatu chake.

Mpiga picha wetu anaishi orofa ya nne. Atakayekuja, aje na kikapu chenye kifuniko, maana kituo hakina cha kuazima.