Lord Milner na Faranga Moja ya Kigoma

Tunaposema kwamba ubeberu ni mfumo, hatuna maana kwamba hauna watu. Una watu wenye majina, vyeo na kalamu. Mmoja wao ni Alfred Milner, Waziri wa Makoloni wa Uingereza tangu Januari 1919 mpaka Februari 1921. Jina lake halitajwi sana kwetu, ingawa kazi ya wizara yake iliacha alama Kigoma kwa miaka 40.

Milner alizaliwa mwaka 1854 mjini Giessen, Ujerumani, akasoma Oxford. Mwaka 1885 aligombea ubunge kwa upande wa Maliberali, akashindwa. Tangu hapo hakupata kuchaguliwa na mpiga kura yeyote. Vyeo vyote alivyoshika alivipata kwa kuteuliwa. Alisimamia mambo ya fedha Misri chini ya Waingereza. Mwaka 1897 alipelekwa Afrika Kusini kuwa Kamishna Mkuu, na huko alisukuma mambo mpaka vikazuka vita na Makaburu mwaka 1899. Vita vilipokwisha, mabepari wa migodi ya dhahabu walitaka vibarua wa bei rahisi. Milner aliwakubalia. Wachina zaidi ya 60,000 wakaletwa, na yeye akaridhia wachapwe viboko bila hata kufikishwa mahakamani. Mwaka 1906 Bunge la Uingereza lililaani viboko hivyo, lakini Wahafidhina wenzake katika Baraza la Malodi walipitisha azimio la kumsifu! Desemba 1916 alirudi madarakani, katika baraza dogo la vita.

Mwaka huohuo, mwishoni mwa Julai, majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigoma, na siku chache baadaye Ujiji. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914 tu, kwa hiyo waliyoyateka Wabelgiji ni mwisho wa reli pamoja na bandari ya ziwa. Hawakuwa tayari kuondoka mikono mitupu.

Tarehe 30 Mei 1919 Milner alipatana na Pierre Orts wa Ubelgiji. Ruanda na Urundi ziliwekwa upande wa Wabelgiji. Kigoma na Ujiji zikawa za Waingereza. Wabelgiji hata hawakuzipenda sana Ruanda na Urundi. Walitumaini kuzifanya chambo cha kupatia ardhi ya Wareno kwenye mlango wa Mto Kongo. Waingereza nao walikata Gisaka kutoka Ruanda wapate njia ya reli. Reli haikujengwa, na Gisaka ikarudishwa. Waha, Wanyarwanda na Warundi hawakuulizwa lolote.

Likabaki suala la mizigo ya Kongo, iliyovuka ziwa kutoka Albertville, yaani Kalemie ya leo. Kwa mkataba wa London wa tarehe 15 Machi 1921, mwezi mmoja baada ya Milner kuacha wizara, Ubelgiji ilikodishwa maeneo bandarini Kigoma na Dar es Salaam, yaliyojulikana kama Belbase. Kodi: faranga moja kwa mwaka. Muda: milele.

Neno hilo la mwisho ndilo la kuchunguza. Uingereza haikuwa na Tanganyika milele. Iliishika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya mwaka 1946 chini ya Umoja wa Mataifa. Mlezi wa yatima anaweza kukodisha shamba la mtoto mpaka mtoto akue. Akilitoa milele, ametoa kisichokuwa chake, na hati yake ni karatasi tu.

Hiyo ndiyo hoja ambayo Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliitoa mbele ya Bunge tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya Uhuru: ukodishaji wa milele uliofanywa na mwenye mamlaka ya muda haupatani na uhuru wa nchi. Wanasheria wa dunia walikuja kuufahamu msimamo wa Tanganyika juu ya mikataba ya kikoloni kwa jina la Nyerere. Wakati huohuo alieleza kwamba Serikali ilikuwa tayari kufanya mipango mipya ili nchi nyingine ziendelee kutumia bandari. Mizigo ya Burundi na Kongo ingali inapita Kigoma.