Kwa Nini Maji ya Bwawa la Mabayani Hupanda na Kushuka

Maji yatumiwayo mjini Tanga hutoka hasa katika Bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978 katika Mto Zigi. Usawa wa maji yake hufuata majira. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mto huingiza maji mengi kuliko yanayotoka. Bwawa likijaa, ziada humwagika kuelekea baharini. Vuli nayo huongeza maji. Lakini wakati wa kiangazi cha kaskazi mvua hupungua, ilhali pampu huendelea kuvuta maji na jua huyageuza kuwa mvuke. Tuchukue mfano: mvuke ukiondoa milimita 5 kwa siku, kila hekta ya uso wa bwawa hupoteza lita 50,000.

Mbona basi mto haukauki? Udongo wa misitu ya Amani, katika Usambara ya Mashariki, hunyonya mvua na kuiachia polepole kupitia chemchemi. Msitu ukifyekwa, maji hutiririka kwa kasi yakibeba udongo. Tope hutuama bwawani na kupunguza nafasi ya maji. Hivyo, kuihifadhi misitu hiyo ni kuwahifadhia wakazi wa Tanga maji ya kiangazi.