Macho Yameng'aa, Lakini Kliniki Haijaisha

Jumapili moja, wakati wa ibada ya shukrani, mama mmoja wa usharika wetu alisimama mbele akiwa amempakata mwanawe wa miezi minane. Mtoto huyo alikuwa na ugonjwa wa kuziba kwa mirija ya nyongo, akafanyiwa upasuaji akiwa na wiki nane. Macho yake yaliyokuwa ya njano kama binzari sasa yalikuwa meupe. Kanisa zima lilishangilia. Sisi akina mama tulipiga vigelegele, tukamvisha mama khanga, tukatoa sadaka. Lakini hakuna hata mmoja wetu, hata sisi tulio wauguzi, aliyemwuliza swali moja dogo: "Mama, tarehe ya kurudi kliniki ni lini?"

Mtoto alipokaribia kutimiza miaka mitatu, alitapika damu usiku. Alikimbizwa hospitali, akaongezewa damu, na kwa neema ya Mungu akapona hatari ile. Ndipo tukajua kwamba mama alikuwa ameacha kliniki tangu mtoto alipotimiza mwaka mmoja. Hakuwa mzembe. Alimwona mwanawe anacheza na kula vizuri, akaamini kazi imekwisha. Nasi kwa vigelegele vyetu tulimsaidia kuamini hivyo.

Ndiyo sababu tumeona tuandike juu ya jambo hili. Upasuaji hufungua njia ya nyongo, lakini haufuti makovu yaliyo ndani ya ini.

Makovu hutoka wapi?

Ini hutengeneza nyongo, maji ya rangi ya kijani na njano yanayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Nyongo hupita katika mirija midogo hadi kwenye utumbo, na ndiyo inayokipa choo rangi yake. Kwa watoto wachache, mirija hiyo huvimba na kuziba kabla au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Huko Taiwan hutokea kwa karibu mtoto 1 katika kila 5,000 hadi 6,000. Katika nchi za Ulaya ni karibu 1 katika kila 15,000 hadi 20,000. Nyongo ikikosa njia hubaki ndani ya ini na kuliunguza. Ini hujaribu kujiponya kwa kuweka makovu, kama ngozi iliyoungua moto inavyofanya. Kovu likizidi, ini huwa gumu.

Hadi katikati ya karne iliyopita, wengi wa watoto hawa hawakuwa na matumaini. Mwaka 1955, huko Sendai, Japani, daktari mpasuaji Morio Kasai aliondoa mirija iliyoziba na kuunganisha kipande cha utumbo moja kwa moja na ini ili nyongo ipate pa kutokea. Upasuaji huo, ambao hadi leo huitwa kwa jina lake, umewaokoa watoto wengi duniani.

Hata hivyo, siku mtoto anapoingia chumba cha upasuaji, makovu huwa yamekwisha kuanza. Tena ile mirija myembamba iliyo ndani kabisa ya ini nayo huwa imeugua, na mkono wa daktari haufiki huko. Kwa baadhi ya watoto makovu hutulia, wakakua hadi utu uzima na ini lao wenyewe. Kwa wengine huendelea polepole, hata kama macho ni meupe.

Damu inapokosa njia

Damu yote inayotoka matumboni hupita kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Ini likijaa makovu, damu hiyo hupita kwa shida, na nguvu yake hupanda ndani ya mishipa. Bandama, ambalo wengine huliita wengu, huvimba. Mishipa midogo ya umio, yaani njia ya chakula, hutanuka na kuwa myembamba kama puto lililojaa. Siku moja hupasuka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wetu.

Kliniki wangeliweza kuona hatari hiyo mapema. Daktari hupapasa tumbo, huagiza vipimo vya damu na picha ya mawimbi ya sauti, na inapobidi hutazama umio kwa kamera ndogo. Mishipa iliyotanuka huweza kufungwa kabla haijapasuka. Kwa hiyo, mama, usiipime afya ya mtoto huyu kwa macho yake tu.

Usisubiri kesho

Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo ukiona lolote kati ya haya:

- Homa, hata kama unadhani ni malaria au meno. Baada ya upasuaji huu, vijidudu vya utumboni huweza kupanda hadi kwenye ini. Kila shambulio huongeza makovu. Mweleze daktari mapema kwamba mtoto alifanyiwa upasuaji wa ini.
- Macho kurudi kuwa ya njano, au choo kurudi kuwa cheupe.
- Kutapika damu, au choo cheusi kinachong'aa kama lami. Hapo usingoje hata saa moja.
- Tumbo kujaa, kutokwa damu puani mara kwa mara, au mtoto kusinzia kuliko kawaida.

Jikoni na kwenye kabati la dawa

Mtoto mwenye ini lenye makovu huhitaji chakula chenye nguvu zaidi ya wenzake. Mwachishe ziwa kwa ushauri wa daktari tu. Ongeza milo midogo midogo. Kwa kuwa nyongo ni chache, vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri, basi zile alizoandikiwa zisikatizwe. Mizani nayo inaweza kudanganya, maana ini na bandama lililovimba huongeza kilo huku mtoto akikonda. Mwombe muuguzi ampime pia mzingo wa mkono.

Unga wa mahindi au karanga zilizoota ukungu usimpe kabisa, kwani sumu ya ukungu huo hushambulia ini. Chanjo zake zote zikamilike, pamoja na ile ya homa ya ini aina ya B. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, maana huweza kuchochea kutoka damu. Na zile dawa za mitishamba za "kusafisha ini", mama yetu, ziache. Nyingine huliumiza ini lile lile unalotaka kulisafisha.

Ini likichoka

Watoto wengi waliofanyiwa upasuaji huu hatimaye huhitaji kupandikizwa ini jingine. Hiyo si aibu, wala si ishara kwamba mama ameshindwa. Mwaka 1989, huko Brisbane, Australia, mama mmoja kutoka Japani alitoa kipande cha ini lake, kikapandikizwa kwa mwanawe, nao wakawa wa kwanza kufanikiwa kwa njia hiyo. Ini la mzazi hukua tena. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanaohitaji huduma hii husafiri hadi India, na gharama ni kubwa. Ndiyo maana ni vema baba na mama wayazungumze na daktari mapema, siyo siku mtoto amezidiwa.

Baba naye ajue dalili hizi, kwani mara nyingi ndiye mwenye nauli. Tena asikubali maneno ya ndugu kwamba mke alikula kitu kibaya au ana laana. Ugonjwa huu hauletwi na chakula cha mama wala dhambi yake.

Kwa mama mwenye mtoto mchanga

Makovu huwa machache upasuaji ukifanyika mapema, hasa kabla ya siku 60. Mtoto akizidi wiki mbili bado ana macho ya njano, usiendelee kumwanika juani ukingoja. Tazama nepi. Choo kikiwa cheupe kama chokaa au kijivu kama udongo wa mfinyanzi, na mkojo ukiacha doa la njano iliyoiva, mpeleke hospitali na nepi yenyewe ukaionyeshe. Taiwan, kuanzia mwaka 2004, iliwapa kina mama wa nchi nzima kadi yenye picha za rangi za choo, na watoto wengi zaidi wakawahi upasuaji.

Tunamkumbuka yule mwanamke Mshunami. Mwanawe alipofariki alitandika punda, akaenda mbio kwa mtu wa Mungu, wala hakumwachia alipomfikia. Imani yake ilikuwa na miguu.

Mtoto wetu sasa anahudhuria kliniki bila kukosa. Chama chetu cha akina mama kimeandika tarehe zake ukutani, na kila zamu ikifika mmoja wetu humsindikiza mama. Vigelegele bado tunapiga. Ila siku hizi, tukimaliza, tunauliza tarehe.