Taya la mtoto likivimba, usikimbilie kung'oa jino

Mtoto ana miaka mitano. Shavu moja limevimba, meno ya nyuma yanacheza, lakini halalamiki sana maumivu. Nyumbani watasema jino bovu hilo, ling'olewe. Huenda kweli ni jino. Ila kwa sisi wa Mtwara, kuanzia mjini hadi Msimbati na vijiji vya mdomo wa Mto Ruvuma, kuna kitu kingine cha kufikiria: saratani iitwayo limfoma ya Burkitt.

Jina ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1958. Baadaye alisafiri kwa gari nchi hadi nchi akiuliza hospitalini, akaona unapatikana zaidi sehemu za chini zenye joto na mvua. Yaani penye malaria. Pwani kama yetu hii.

Sasa ndani ya taya kunatokea nini? Kila seli ina jeni ya MYC, inayotoa protini ya kuiamuru seli igawanyike. Kawaida protini hiyo hutoka kwa kipimo. Malaria ya mara kwa mara, pamoja na virusi vya Epstein-Barr ambavyo watoto wengi huvipata wakiwa wadogo, huzichosha seli nyeupe za kinga. Katika pilikapilika hiyo kromosomu hukatika na kuungana vibaya. Mara nyingi MYC huhama kromosomu ya 8, ikatua kwenye ya 14, jirani na jeni za kingamwili ambazo kwenye seli hizo hufanya kazi muda wote. Basi protini inamwagika tu, kama bomba lililoharibika koki.

Ndiyo maana maabara hutafuta pia protini ya Ki-67, alama ya seli inayogawanyika. Kwenye Burkitt karibu seli zote huwa nayo.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo wiki mbili za kusukutua maji ya chumvi ni nyingi mno. Lakini kasi hiyohiyo ndiyo udhaifu wake: dawa za saratani hupiga seli zinazogawanyika, na watoto wengi wanaowahi matibabu kamili hupona.

Mpeleke kituo cha afya au Ligula, na kabla jino halijang'olewa uliza kama kinyama kitachukuliwa kupimwa. Jicho likitokeza au tumbo likivimba, nenda leo.