Risasi Isiyo na Risasi

Mwana wa dada yangu anaishi Minnesota, ambako Wakisii wamejaa hadi ukiwa na shughuli ya kuchangisha pesa huhitaji kualika jirani wa kabila lingine. Juzi alinitumia picha kwenye simu. Kiganjani mwake palikuwa na kipande cha shaba kilichogawanyika ncha mara nne, kila upande umejikunja nyuma, mfano wa ndizi uliyoimenya nusu ukaacha maganda yakining'inia. "Mjomba, hii nimeitoa kwenye bega la nguruwe huko Texas. Risasi ya shaba tupu."

Nilimjibu kwa utani kwamba basi si risasi. Utani huo una ukweli ndani yake. Katika Kiswahili risasi kwanza ni madini, lile dude zito la kijivu ambalo mafundi wa betri wanalijua. Kitu kinachotoka kwenye bunduki kiliazima jina la madini hayo kwa sababu kwa karne nyingi hakikutengenezwa kwa kingine. Lugha yetu ina mchezo huu pia kwenye kalamu ya risasi, ambayo haijawahi kuwa na risasi ndani; ile nyeusi ni grafiti, ndugu wa makaa.

Sasa, mimi ni daktari wa mifugo, si mwindaji, na katika Kaunti ya Nyamira ninakofanyia kazi hakuna wa kuwinda wala cha kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hata kabla ya hapo mashamba ya Gusii yalishagawanywa hadi ukubwa wa kitambaa cha meza. Lakini nimepasua mizoga mingi na nimesimama kwenye machinjio mengi, na picha ya kijana yule ilizua swali la kazi yangu: chuma kinapoingia kwenye nyama, kinabaki nini?

Tuanze na risasi ya kawaida ya kuwindia. Ndani ina kiini cha madini ya risasi, nje ina koti jembamba la shaba iliyochanganywa na zinki kidogo, na nchani koti hilo limeachwa wazi. Ikigonga mnyama, kiini laini kinabonyea na kutanuka kama uyoga. Kutanuka huko ndiko kunakoua upesi, kwa kuwa tundu linakuwa pana na nguvu ya mwendo inamwagika ndani ya mwili badala ya kutokea upande wa pili. Ajabu ni kwamba vitani risasi ya namna hiyo ilikatazwa na tamko la The Hague la mwaka 1899, baada ya Waingereza kutengeneza zao kule Dum Dum, karibu na Calcutta. Kwa binadamu ni ukatili. Kwa mnyama, nchi nyingi zimeona kinyume: ukatili ni kumpiga na risasi isiyotanuka akaenda kufia vichakani baada ya siku mbili.

Tatizo la kiini laini ni kwamba hakitanuki tu, kinamomonyoka. Vipande vingine ni vya kuonekana, vingine ni vumbi ambalo kidole hakilihisi na jicho halilioni. Mwaka 2008, huko huko Minnesota, idara ya maliasili ya jimbo ilichukua mizoga ya kondoo, ikaipiga kwa risasi za aina mbalimbali, kisha ikaipitisha kwenye eksirei. Walichagua kondoo kwa sababu umbo la kifua chake halipishani sana na la paa wa kule. Katika picha, chembe za madini zilionekana kama nyota usiku, nyingine zikiwa zaidi ya futi moja kutoka kwenye jeraha. Waliosha baadhi ya mizoga kwa maji, na maji yakazisambaza zaidi. Sisi machinjioni tumezoea kwamba palipovilia damu unakata, unatupa, unaendelea. Hapa kisu hakijui pa kuishia.

Na risasi mwilini si jambo la kubishania. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi kwa kuwa ubongo wake bado unajengwa. Mkenya hahitaji kwenda Marekani kulielewa hili. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya uamuzi huo kutenguliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha mwaka 2024. Nyama yenye chembe si moshi wa kiwanda, nakubali. Ni kidogo kidogo. Lakini familia inayokula paa mmoja msimu mzima inakula hicho kidogo kila Jumapili.

Ndipo shaba ikaingia. Randy Brooks, mtengenezaji wa risasi wa Utah, alianza kuuza ya shaba tupu mwaka 1989 chini ya jina la Barnes, na nia yake ya mwanzo haikuwa afya ya mtu; alitaka risasi inayopenya hadi ndani bila kuvunjika. Nchani imetobolewa. Damu na nyama zinapoingia kwa nguvu kwenye tundu hilo zinazisukuma kuta zake nje, kuta zinachanika kwa mistari iliyowekwa makusudi, na ndizi inamenyeka. Mwili wake unabaki mzima, karibu uzito wote. California, baada ya kuona tai wakubwa wa kule wakifa kwa kula mabaki ya wanyama waliopigwa, ilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu Julai 2019 kuwinda kwa madini ya risasi hakuruhusiwi jimbo zima.

Kwa nini basi mtu aijaribu risasi ya shaba kwa nguruwe? Nguruwe wa Texas si wa porini kwa asili. Ni kizazi cha nguruwe wa kufugwa waliotoroka tangu enzi za Wahispania, wakachanganyika na wale wa mwitu walioletwa kutoka Ulaya ili wawindwe. Makadirio yanawaweka zaidi ya milioni mbili katika jimbo hilo pekee, wanafukua mashamba usiku kucha, na mwenye shamba anakushukuru ukimpunguzia. Tena ni wagumu. Dume aliyekomaa ana ngao begani, tabaka gumu chini ya ngozi linaloweza kuzidi sentimita mbili, analolijenga kwa kupigana na wenzake. Risasi ikipita hapo na kuufikia moyo ikiwa bado imeshikamana, imefaulu mtihani ambao jeli ya maabara ya kujaribia risasi haiutoi.

(Wetu wa Kenya ni ngiri, nguruwe pori, na yule mkubwa mweusi wa msituni ambaye mtaalamu wa wanyama Oldfield Thomas wa London alimpa mwaka 1904 jina la Meinertzhagen, afisa yule yule wa Kiingereza aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka uliofuata. Ngiri na nguruwe pori hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921. Wanaofuga nguruwe wasipende sana ujirani nao.)

Nilimuuliza kijana alizipimaje risasi zake. Alikuwa na mizani ndogo ya kupimia dhahabu, kipimo cha kasi mbele ya mtutu, na daftari. Aliandika umbali, pembe ya mnyama, mfupa uliogongwa, hatua alizokimbia kabla ya kuanguka. Risasi alizozichomoa alizipima uzito na upana. Glavu alivaa, nashukuru, maana nguruwe wale wana brusela. Kazi safi. Ila nilipopitia picha zake zote nikaona ndizi tu, kila moja imemenyeka vizuri kuliko nyingine.

Hapo ndipo majaribio mengi ya shambani yanapopotosha, na si kwa uongo. Risasi unayoipata ni ile iliyosimama ndani ya mnyama, na iliyosimama ni ile iliyotanuka. Isiyotanuka imepita, iko kwenye udongo upande wa pili au haipatikani kabisa. Kwa hiyo ukikusanya ulizoziokota ukahesabu zilizofunguka, utapata karibu zote, hata kama nusu zilishindwa. Ni sawa na daktari wa mifugo anayejisifia dawa yake kwa kuwahesabu ng'ombe walioletwa tena zizini kumwonyesha.

Shaba ina udhaifu wake. Ni ngumu kuliko madini ya risasi, hivyo inataka kasi ili ifunguke; aina nyingi za kawaida zinataka zimfikie mnyama kwa mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Ni nyepesi pia: sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba karibu 9, kwa hiyo kwa uzito ule ule risasi ya shaba ni ndefu zaidi na mitutu mingine haiizungushi sawasawa. Mwindaji anayetaka kuhama inambidi ajifunze upya umbali wake, na hilo wauzaji hawalisemi kwa sauti.

Huku kwetu nako, mjini Kisii, risasi za kizamani za madini hazikukosekana. Tarehe 12 Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walioingia mjini walipigana na King's African Rifles, jeshi la Waingereza, na wakati ule askari wengi wa Kijerumani walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye baruti nyeusi ya moshi mwingi na risasi nene ya milimita 11, uzito wa gramu 25. 

Wawindaji wanaotuhusu zaidi leo wako ng'ambo ya mpaka wa Isebania. Tanzania imeruhusu bucha za nyamapori kwa kanuni za mwaka 2020, na nyama hiyo hupatikana kwa bunduki. Ningekuwa mkaguzi wa nyama Tarime ningeuliza swali moja kabla ya kutazama minyoo: mnyama huyu amepigwa na nini?

Nilimwandikia kijana aniletee picha za zile risasi ambazo hakuzituma. Alikaa kimya siku tatu. Kisha ikaja moja. Aliipiga kwa bunduki ya mtutu mfupi, mita 200, akaichimbua kwenye ukingo wa korongo. Haikumenyeka. Ilikuwa imechongoka bado, nyembamba, kama kalamu ya risasi iliyonunuliwa asubuhi. Nguruwe mwenyewe, aliandika chini ya picha, hawakumpata.